Eksirei Haijisomi

Mwaka 1947 kundi la watafiti nchini Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio lililoanza na swali la kifundi tu: kati ya aina nne za filamu za eksirei ya kifua, ipi inafaa zaidi kusakia kifua kikuu katika umati wa watu? Walipiga picha watu zaidi ya elfu moja kwa njia zote nne, wakazikabidhi kwa wasomaji watano wazoefu, kila mmoja akasoma peke yake. Mshindi hakupatikana. Tofauti kati ya msomaji na msomaji ilizidi tofauti kati ya filamu na filamu. Hata msomaji yuleyule, aliporudishiwa picha zilezile, alijipinga: aliyoiita mbovu mara ya kwanza aliiita safi mara ya pili. Miaka miwili baadaye daktari L. Henry Garland wa San Francisco aliandika kwamba wasomaji wenye ujuzi hukosa karibu asilimia 30 ya filamu zenye dalili za ugonjwa.

Tangu hapo tumepata CT (eksirei inayouonyesha mwili kipande kwa kipande), MRI, altrasaundi, skrini za kidijitali na programu zinazoweka alama juu ya picha. Mashine zimepiga hatua kubwa na zimeokoa watu wengi. Lakini picha ikishatoka kwenye mashine bado haijasema neno. Lazima mtu akae mbele yake, aitazame, aamue. Makosa yanayotokea katika hatua hiyo hayaji ovyo. Yana utaratibu, yamepimwa, na sehemu kubwa ya kinga yake ni namna ya kukaa, kutazama na kupanga kazi. Kumwambia msomaji "kuwa makini zaidi" ni ushauri dhaifu, kwa sababu msomaji aliyekosa kinundu, yaani uvimbe mdogo wa mviringo, mara nyingi alikuwa makini kwelikweli.

Jicho huona vizuri eneo dogo tu

Tunahisi kwamba tunaiona picha nzima kwa ukali uleule. Si kweli. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kamili hufunika nyuzi mbili hivi za uwanja wa macho. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, hilo ni duara lenye upana wa sentimita 2. Kwa kinundu cha pafu cha sentimita moja, ambacho hakihitaji ukali wa juu kabisa, watafiti wamezoea kuhesabu duara la nyuzi tano, yaani sentimita 5 hivi kwa umbali huohuo.

Fanya hesabu. Eksirei ya kifua ya mtu mzima ina ukubwa wa sentimita 35 kwa 43, sawa na sentimita za mraba 1,500. Duara la sentimita 5 hufunika kama 20. Kwa hiyo jicho linahitaji vituo zaidi ya 70 ili kuipitia picha yote mara moja, na kwa kuwa hutua kama mara tatu kwa sekunde, hizo ni sekunde 25 bila kurudia mahali popote. Katika kazi halisi jicho halitembei hivyo. Hurudi kwenye moyo na mizizi ya mapafu, huvutwa na chochote chenye mwanga mkali, na huacha kingo za picha bila kuguswa. Msomaji mwenyewe hajui ameacha wapi, kwani ubongo humjazia mapengo na kumpa hisia kwamba amemaliza.

Hata hivyo kuna upande wa pili unaostaajabisha. Mwaka 1975 Harold Kundel na Calvin Nodine waliwaonyesha wataalamu wa radiolojia eksirei za kifua kwa sekunde 0.2 tu, muda usiotosha jicho kuhama hata mara moja. Walitambua asilimia 70 ya kasoro. Walipopewa muda wa kutazama watakavyo, walifikia asilimia 97. Majaribio ya baadaye kwenye mamografia, yaani eksirei za matiti, yameonyesha jambo linalofanana: kwa nusu sekunde mtaalamu mzoefu hupambanua titi lenye saratani na lisilo nayo kwa kiwango kinachozidi kubahatisha, ijapokuwa mara nyingi hawezi kuonyesha kidonda kiko wapi.

Maana yake ni kwamba usomaji una awamu mbili. Kwanza ubongo hulinganisha picha nzima na maelfu ya picha za kawaida zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu, na kitu kisichofaa hujitokeza chenyewe. Kisha jicho huenda kuthibitisha na kusaka yale ambayo mtazamo wa kwanza haukuyakamata. Awamu ya kwanza huharibiwa kirahisi sana: msomaji anafungua picha na papo hapo anaikuza. Picha iliyokuzwa haina tena umbo la jumla la kulinganisha. Ikae kwanza yote kwenye skrini, nyuma kidogo ya umbali wako wa kawaida, na macho yapumzike katikati yake kwa sekunde chache kabla mkono haujagusa kipanya.

Makosa ni matatu, na dawa zake ni tofauti

Mwaka 1978 Kundel na Nodine, pamoja na mwenzao, walifuatilia mwendo wa macho ya wasomaji waliokuwa wakitafuta vinundu vya mapafu, kisha wakavipanga vile vilivyokosekana. Katika asilimia 30 jicho halikufika kabisa: hilo ni kosa la msako. Katika asilimia 25 jicho lilifika likapita upesi bila kukaa: kosa la utambuzi. Katika asilimia 45 jicho lilifika, likakaa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya sekunde moja, kisha msomaji akaamua kwamba pale hapana kitu: kosa la uamuzi. Idadi hubadilika kwa aina ya picha na ya wasomaji, ila makundi haya matatu yameonekana tena kwenye tafiti za matiti na za mifupa.

Napenda kila anayefundisha wasomaji wapya aitafakari ile asilimia 45. Karibu nusu ya vinundu vilivyokosekana vilitazamwa, na kwa muda uleule ambao macho hukaa juu ya vinundu vilivyoripotiwa. Ubongo ulisita pale. Kitu kiliuvuta, ukakipima, ukakitupilia mbali kwamba ni mshipa au ni mbavu iliyopandiana na mshipa. Ukimwambia mtu huyo atazame tena, atatazama palepale na kuamua vilevile. Anachohitaji ni ushahidi mwingine: picha ya zamani ya mgonjwa huyohuyo, picha ya ubavuni, au CT. Kusita kwa jicho ni taarifa. Ukigundua umerudi mahali pamoja mara tatu, usipafute kichwani. Paandike, kisha utafute njia ya kupathibitisha au kupakanusha.

Kosa la msako ndilo linalotibika kwa utaratibu wa kutazama. Kwenye eksirei ya kifua pembe zinazosahaulika zinajulikana: ncha za juu za mapafu, ambako mtulinga na mbavu ya kwanza hupandiana, mizizi ya mapafu pande zote mbili, nyuma ya moyo, sehemu ya pafu iliyo chini ya mstari wa kiwambo, kwani pafu huteremka nyuma yake zaidi ya inavyoonekana kwa mbele, na kingo zenyewe, yaani mabega, shingo na tumbo la juu. Pitia maeneo haya mwishoni, kila moja kwa jina lake, baada ya kusoma kwa uhuru. Wapo wanaotaka kila picha isomwe kwa mpangilio mmoja tangu mwanzo, kutoka bomba la hewa hadi mifupa. Kwa mwanafunzi ni sawa, kwa sababu bado hana ghala la picha kichwani. Kwa mzoefu naona mpangilio mgumu unaibia nguvu awamu ya kwanza. Bora auweke mwisho kama orodha ya ukaguzi.

Upande nao ni ukaguzi. Linganisha nafasi za kati ya mbavu, kulia na kushoto, moja baada ya nyingine kushuka chini. Jicho hubainisha tofauti ya vitu viwili vilivyo karibu vizuri kuliko linavyokadiria weupe wa kitu kimoja peke yake.

Kidonda kinachojificha mahali wazi

Katika eksirei mwili wenye kina hubanwa ukawa bapa. Mbavu, mishipa, moyo na ngozi hupandiana, na kinundu kikikaa juu ya makutano ya mbavu na mshipa kinapoteza ukingo wake. Watafiti huuita mpandiano huu vurugu za kianatomia, na kwa vinundu vya mapafu ndizo zinazozuia kuonekana kuliko chembechembe za filamu au za kipokezi. Ndiyo maana kuongeza dozi ya mionzi hakusaidii sana pale kinundu cha milimita 8 kinapojificha nyuma ya mtulinga. Kinachosaidia ni kubadilisha mpandiano: picha ya ubavuni, picha iliyopigwa kwa kuinamisha mrija wa mionzi, au vipande vya CT.

Katika Mayo Lung Project, utafiti wa Marekani wa kusaka saratani ya mapafu, picha za awali za wagonjwa waliokuja kugundulika na saratani ya pembezoni mwa pafu zilipotazamwa upya, asilimia 90 ya saratani hizo zilionekana kwenye picha za nyuma. Watu husoma takwimu hiyo na kukasirika. Wanasahau kwamba anayetazama nyuma anajua mahali pa kutazama na anajua kitu anachotafuta, na yote mawili hubadilisha kile jicho linachoweza kuona. Kuonekana baada ya kuambiwa si sawa na kuonekana.

Kutazama moja kwa moja nako si dhamana. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe waliingiza picha ya sokwe ndani ya vipande vya CT ya mapafu, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha wastani. Wataalamu 24 wa radiolojia waliombwa kutafuta vinundu. Ishirini kati yao hawakumwona sokwe, na vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba wengi wa hao ishirini walipitisha macho juu yake. Hawakuwa wazembe, walikuwa wanatafuta doa dogo jeupe la mviringo, na ubongo uliokwisha kupangwa kwa umbo hilo uliyaacha mengine. Ndivyo inavyotokea kwenye CT iliyoombwa kwa ajili ya mapafu, ambapo pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea au uvimbe wa sehemu ya juu ya figo unakaa wazi kwenye kipande cha mwisho. Dawa ninayoiamini ni kuipitia picha tena kwa swali tofauti. Pita mara moja kwa mapafu tu, pita tena kwa mifupa tu, pita tena kwa tumbo lililoingia kwenye picha. Kila pito ni fupi kwa kuwa lina lengo moja.

Kuna na kosa la kuridhika: ukipata kidonda cha kwanza, hamu ya kusaka hupungua na cha pili kinapita. Kwenye mifupa hatari yake ni ya wazi kabisa. Mfupa wa ulna, mmoja wa miwili ya kigasha (mwingine ni radiasi), ukivunjika, tazama kiwiko, maana kichwa cha mfupa wa radiasi huenda kimechomoka. Radiasi ikivunjika chini, tazama kiungo cha karibu na kifundo cha mkono. Pete ya nyonga ikivunjika mahali pamoja, mara nyingi kuna pengine palipoachana. Tabia moja husaidia: andika ulichokiona, kisha jifanye ndiyo kwanza unaifungua picha.

Kijivu si kijivu

Jicho halipimi mwanga kama kifaa kinavyopima. Hupima tofauti, na huzitia chumvi mahali kingo zinapokutana. Mwaka 1865 Ernst Mach alieleza mistari inayotokea pembezoni mwa eneo jeusi na jeupe: upande mweusi huonekana mweusi zaidi karibu na ukingo, upande mweupe mweupe zaidi, ingawa kwenye picha yenyewe hakuna mstari. Katika eksirei mistari hiyo hudanganya. Mstari mweusi kando ya moyo hufanana na hewa iliyovuja kifuani. Mstari unaokatiza jino la pingili ya pili ya shingo, mahali meno au mfupa mwingine unapopandiana nalo, hufanana na mvunjiko. Jaribio lake ni rahisi: chukua kipande cha karatasi nyeusi, funika upande mmoja wa ukingo. Mstari ukitoweka, ni wa jicho. Ukibaki, ni wa mgonjwa.

Vivyo hivyo kijivu kilekile huonekana chepesi kikizungukwa na weusi na kizito kikizungukwa na weupe. Kwa sababu hiyo kwenye CT usihukumu kwa macho kitu kinachopimika. Weka duara la kipimo ndani ya kidonda, mbali na kingo zake, usome namba katika vipimo vya Hounsfield, ambavyo ni vipimo vya msongamano kwenye CT. Maji ni 0, hewa ni -1,000. Kifuko cha maji safi kwenye figo hukaa chini ya 20, mafuta huenda chini ya sifuri hadi karibu -100, na damu mbichi iliyoganda huwa kati ya 50 na 80.

CT hurekodi ngazi 4,096 za msongamano. Skrini nyingi huonyesha ngazi 256 za kijivu. Lazima kuchagua, na uchaguzi huo ndio dirisha. Dirisha la ubongo lina upana wa 80 na kitovu cha 40: kila kitu chini ya 0 ni cheusi, kila kitu juu ya 80 ni cheupe. Kwa dirisha hilo damu nyembamba iliyolala kando ya fuvu inaweza kutoweka, kwa sababu yenyewe inakaribia weupe na mfupa ni mweupe, kwa hiyo vinaungana. Panua hadi 200 hivi na kitovu 70 au 80, utenganisho unarudi. Kiharusi cha saa za mwanzo kinahitaji kinyume chake. Tofauti kati ya tishu iliyoanza kufa na iliyo hai ni vipimo vichache tu vya Hounsfield, nayo huonekana vizuri zaidi ukibana upana hadi 40. Mapafu yanataka upana wa 1,500 na kitovu -600. CT ya kichwa iliyosomwa kwa dirisha moja tu haijasomwa.

Chumba nacho ni sehemu ya kifaa. Sehemu ya 14 ya DICOM, kiwango cha kimataifa cha picha za kitabibu, imepanga ngazi za kijivu kwa kufuata modeli ya Peter Barten ya uwezo wa jicho wa kutofautisha mwanga, ili kila hatua ionekane sawa na inayofuata. Skrini isiyorekebishwa kwa kiwango hicho huzimeza ngazi za gizani, na huko ndiko hewa iliyovuja hujificha. American College of Radiology, chama cha wataalamu wa radiolojia wa Marekani, hutaka skrini ya kusomea ifikie angalau kandela 350 kwa mita ya mraba, na 420 kwa mamografia. Mwanga wa chumba ukae kati ya luksi 25 na 50: giza totoro huchosha macho, na taa kali au dirisha nyuma ya kiti huakisi kwenye kioo na kufuta tofauti ndogo. Ukitoka juani, yape macho dakika kadhaa kabla ya kufungua picha ya kwanza. Kabla ya vikuza-mwanga vya kielektroniki kuenea katika miaka ya 1950, madaktari wa fluoroskopi, yaani eksirei inayotazamwa moja kwa moja ikiendelea, walivaa miwani mekundu dakika 20 hadi 30 ili macho yao yazoee giza. Waliliheshimu jicho kama chombo cha kazi, nasi hatuna sababu ya kuacha.

Matarajio, uchovu na fomu tupu

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, Jeremy Wolfe na wenzake waliwapa watu kazi ya kutafuta vitu kwenye picha zenye msongamano. Kitu kilipokuwemo katika nusu ya picha, walikikosa asilimia 7 ya mara. Kilipokuwemo katika asilimia 1 tu, walikikosa asilimia 30. Kinachoadimika huachwa, kwa sababu ubongo unajifunza kwamba "hakuna" ndilo jibu sahihi karibu kila mara na unaacha kutafuta mapema. Sasa fikiria uchunguzi wa saratani ya matiti kwa wanawake wasio na dalili, ambao huibua saratani kama tano kwa kila elfu. Kuingiza vipindi vifupi vya picha zenye vidonda vilivyothibitishwa, na kumpa msomaji jibu papo hapo, hurudisha kizingiti cha uamuzi, yaani kiasi cha shaka kinachotosha kuripoti, mahali pake. Kizingiti kikishushwa mno, bei yake ni wanawake wengi kuitwa tena na kutobolewa sindano bila sababu, kwa hiyo si jambo la kusukuma upande mmoja tu.

Usomaji wa watu wawili ni kinga kongwe dhidi ya hali hiyo, na una sharti moja linalovunjwa mara nyingi: wa pili asijue alichosema wa kwanza. Akijua, anasoma ripoti badala ya picha. Wakitofautiana, wa tatu aamue.

Kuhusu fomu ya kuomba kipimo, hapa lawama si ya msomaji. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya mkono" haimpeleki jicho popote. Iliyoandikwa "ameanguka akauegemea mkono ulionyooka, anaumia ukibonyeza shimo la chini ya kidole gumba upande wa nje wa kifundo" inampeleka moja kwa moja kwenye mfupa wa skafoidi. Andika mahali penyewe, muda, namna alivyoumia, upasuaji wa nyuma na swali unalotaka lijibiwe. Wengine huogopa kwamba maelezo humtia msomaji upendeleo. Yanaweza. Njia ninayoipendekeza ni kutazama picha kwanza kwa sekunde kadhaa bila kusoma fomu, kisha kusoma fomu, kisha kurudi kwenye picha.

Uchovu una sura mbili: akili hupunguza msako, na misuli ya jicho hushindwa kulenga vizuri umbali wa skrini baada ya saa nyingi. Elizabeth Krupinski na Kevin Berbaum waliwapima wataalamu kabla na baada ya siku ya kazi na kukuta ugunduzi wa mivunjiko na ulengaji wa macho vyote vimeshuka. Panga picha ngumu asubuhi kama ratiba inaruhusu, na tazama mbali kila baada ya muda. Simu ikikukatiza katikati ya CT, usiendelee pale ulipoishia. Anza upya kiungo ulichokuwa unakipitia.

Vipande vya CT vina mbinu yake. Drew na wenzake waliona wasomaji wa mapafu wakigawanyika: wengine hutembeza macho juu ya kipande chote kabla ya kwenda kingine, wengine hutuliza macho kwenye robo moja ya pafu na kupita vipande vyote juu hadi chini, kisha robo nyingine. Wa aina ya pili walifunika eneo kubwa zaidi la mapafu na kupata vinundu vingi zaidi. Sababu ni mwendo. Mshipa hubaki na kusogea kidogo kipande hadi kipande. Kinundu huibuka na kuzama. Jicho lililotulia hukamata kuibuka huko. Kuunganisha vipande katika tabaka nene la milimita 8 hadi 10 linalobakiza sehemu angavu zaidi hukuza athari hiyohiyo.

Alama za kompyuta

Programu ya kwanza ya kuweka alama kwenye mamografia iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Ilisambaa kwa kasi, kisha mwaka 2007 uchambuzi mkubwa ukaonyesha kwamba vituo vilivyoitumia havikusoma vizuri zaidi, na usahihi wa jumla ulishuka. Alama nyingi zilikuwa za uongo na wasomaji wakazichoka. Mbaya zaidi, mahali pasipo alama palianza kuonekana salama. Mifumo ya sasa ya akili mnemba ni bora kwa mbali. Katika matokeo ya kwanza ya jaribio la MASAI nchini Sweden, yaliyohusu wanawake zaidi ya 80,000, usomaji uliosaidiwa na mfumo huo uligundua saratani 6.1 kwa kila elfu dhidi ya 5.1 kwa usomaji wa kawaida wa watu wawili, na kazi ya kusoma skrini ikapungua kwa asilimia 44. Nayapokea matokeo hayo kwa furaha. Lakini udhaifu wa binadamu hauondoki pale mfumo unapoingia, unahama tu: msomaji anayeona alama kwanza hulazimisha macho yake yakubaliane nayo. Soma kwanza, andika uamuzi, ndipo uwashe alama. Mfumo ukisema hakuna kitu mahali ulipoona kitu, ulichokiona kibaki kwenye ripoti mpaka ushahidi mwingine ukiondoe.

Ghala la picha kichwani halijengwi kwa picha za magonjwa peke yake. Mwanafunzi anayeonyeshwa kifua kibovu baada ya kifua kibovu hajui kawaida inaishia wapi, na ataripoti ugonjwa kwenye chuchu, kwenye mkunjo wa ngozi, kwenye gegedu la mbavu ya kwanza lililojaa chokaa. Apewe za kawaida nyingi kuliko mbovu, asome kabla ya kuambiwa, na ajulishwe matokeo ya upasuaji au maabara ya kila mgonjwa aliyemripoti. Bila jibu hilo miaka mingi ya kazi humwongezea mtu uhakika, si lazima usahihi.

Na kikao cha kujadili picha zilizokosewa kifanywe kwa namna inayofundisha. Kinundu kilichokosekana kisionyeshwe kwa mshale mbele ya kila mtu. Picha yake ichanganywe na picha kumi au ishirini nyingine, nyingi zikiwa za kawaida, wenzake wazisome bila kuambiwa chochote, kila mmoja peke yake, kwenye skrini ya kusomea. Wengi wakikikosa pia, tatizo liko kwenye mpandiano au mbinu ya upigaji, na linatatuliwa na mpiga picha. Wengi wakikiona, chunguza mazingira ya usomaji wa siku ile: ilikuwa picha ya ngapi, saa ngapi, fomu ilisema nini, kulikuwa na kidonda kingine kilichomridhisha mapema. Kisha rudi kwa msomaji umuulize kama anakumbuka kupatazama mahali pale na kupaacha, maana jibu hilo ndilo litakaloonyesha kama afundishwe kutafuta au afundishwe kuamua.